Joto la Kuku wa Mjomba Trei

Benchi lililoko mbele ya karakana yangu nililigongelea misumari mwenyewe, kwa ajili ya wateja wanaosubiri baiskeli zao. Mteja hajawahi kulikalia. Anayelikalia ni Taarifa, ambaye kazi yake duniani ni kusikiliza redio ndogo iliyomo kwenye mfuko wa shati lake, kisha kutangaza alichosikia pamoja na alichoongeza. Anayelikalia ni Denge, kinyozi wa chumba cha pili, ambaye mteja akimwita hujibu "nakuja" na haendi. Yumo Bastola, mlinzi wa ofisi moja mtaa wa nyuma, ambaye usiku analinda na mchana anakuja kulala hapa kwangu akiwa amekaa. Na yumo Mjomba Trei, mpole kuliko sisi wote, karani mstaafu aliyechukua kiinua mgongo chake chote akakigeuza kuwa kuku wa mayai. Banda lake liko nyuma ya ukuta wa karakana yangu. Mimi naitwa Fundi, na huwa naitwa pale tu chai inapoisha.

Chai yetu ni ya chupa moja na kikombe kimoja, ule mfuniko wa chupa wenyewe, unaozunguka kutoka mkono hadi mkono. Hakuna aliyewahi kuuosha. Denge anasema ukiosha unapoteza ladha.

Asubuhi hiyo Taarifa alifika bila salamu, na Taarifa akikosa kusalimia ujue habari ni nzito. Alisimama mbele yetu akatangaza kwamba virusi vya mafua ya ndege vimetoka kwa bata mwitu vikaingia kwa kuku, vikavuka kwa ng'ombe wa maziwa, vikapita kwa paka, na sasa vimewafikia hata wanyama wa baharini.

"Baharini vimefikaje?" Denge akauliza. "Vimeogelea?"

"Vimebebwa na ndege. Ndege hana mpaka."

"Na ng'ombe je? Ng'ombe na bata wana ujirani gani?"

Hapo ndipo mjadala ulipokolea. Taarifa alieleza kwamba kirusi ni kitu kidogo mno, hakionekani, na kitu kisichoonekana hakiulizwi kinakwenda wapi. Denge alisema yeye haamini, kwa sababu ngozi ya ng'ombe ina manyoya na ya kuku ina manyoya ya aina nyingine kabisa, na yeye kama kinyozi anajua kwamba mashine ya nywele laini haipiti kwenye kipilipili. Iweje ugonjwa mmoja upite kote? Bastola akafungua jicho moja. Alisema maisha yake yote amekaa getini, na mgeni haingii mpaka aseme anakwenda kumwona nani. Sasa kirusi cha kuku kikifika kwa ng'ombe kitasema kinamtafuta nani?

"Siku hizi vinabadilisha sare," Taarifa akamjibu. "Kinakuja kimevaa kama mtu wa ofisini. Unakifungulia mwenyewe na saluti unakipigia."

Bastola hakulala tena. Kwa mlinzi, habari hiyo ilikuwa mbaya kuliko kifo.

Mimi nilikuwa nimeinamia mpira uliotoboka, natafuta tundu kwenye beseni la maji. Nikasema mbona wale ndege weupe wanashinda mgongoni kwa ng'ombe kutwa nzima, na bata wanakunywa maji yaleyale wanayokunywa wao, na mavi ya ndege hayachagui pa kuangukia. Nilisema ili wanyamaze. Kumbe niliwapa kuni. Taarifa alirukia hapo hapo: kwa hiyo anayekaa karibu na ndege ndiye daraja. Akauliza ni nani katika mtaa huu anashinda na ndege.

Tukageuka wote. Mjomba Trei alikuwa ameketi mwisho wa benchi, ameshika kikombe, na begani kwenye sweta lake palikuwa na unyoya mweupe. Alikuwa ndiyo kwanza anataka kunywa. Denge aliinuka, akamtoa kikombe mkononi kwa vidole viwili, kwa heshima zote, akampa Taarifa. Taarifa akamimina chai ya Mjomba chini, akajaza nyingine, akanywa yeye, akampa Bastola.

"Ni tahadhari tu, Mjomba," Denge akasema. "Usichukulie vibaya."

Mjomba alisema hachukulii vibaya. Alipangusa ule unyoya, ukaenda kumwangukia Denge, na Denge akaruka hadi ndani ya saluni yake, alikokuwa amemwacha mteja amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa, wala hakummalizia. Tangu hapo Mjomba alihamishwa kutoka kwenye benchi akaketishwa kwenye ndoo iliyofunikwa, upande wa pili wa njia. Ukitaka kumsemesha ilibidi upaze sauti, naye hana sauti ya kupaza. Tukawa tunamwona anasogeza midomo huku pikipiki zinapita katikati.

Ingeishia hapo tungesahau baada ya chakula cha mchana. Lakini Bastola ana kile kifaa.

Wakati wa ule ugonjwa uliopita, ofisi yao ilimpa kipimajoto cha kumlenga mtu kwenye paji la uso, kile chenye umbo la bastola, na ndicho kilichompa jina. Ugonjwa ulipokwisha hakuna aliyekidai, naye hakujipeleka kukirudisha. Anakivaa kiunoni. Wapita njia anawapima bila kuombwa, akiona namba anatikisa kichwa kama mtu anayejua jambo, halafu anawaruhusu. Watu wazima wenye familia zao wanasimama kupimwa na mlinzi ambaye yuko nje ya zamu.

"Tusibishane," Bastola akasema, akajipenga kwa leso. Alikuwa na kikohozi tangu juzi na alisema ni vumbi la getini. "Twende tukawapime."

Tuliingia bandani kwa kufuatana, Mjomba Trei akiwa nyuma yetu anaomba tusiwashtue, kwa kuwa wameanza kutaga wiki hii hii na kuku mwenye hofu anaacha. Lilikuwa banda safi, nisiseme uongo. Maranda makavu, maji safi, kuku weupe wamejipanga kwenye fito wakitutazama kama kamati iliyoitwa kusikiliza kesi. Bastola alimkamata wa kwanza, akainua bawa, akalenga chini yake, akabonyeza. Kifaa kikalia kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia, na kioo chake kikawa chekundu.

"Arobaini na moja," Bastola akasoma.

Akampima wa pili. Arobaini na moja na nusu. Wa tatu vilevile. Akaendelea safu nzima, akikohoa katikati ya kuku na kuku, na kila bawa aliloinua lilitoa namba ileile ya kutisha. Taarifa alisema mtu akifika arobaini na moja anaongea na marehemu. Denge alimsogelea kuku mmoja akamwangalia machoni akasema ni kweli, huyu hayupo hapa. Kuku alimdonoa kidole.

"Amenitoa damu," Denge akasema kwa sauti ndogo. "Nimekwisha."

Tulirudi kwenye benchi kikao kikakaa. Hukumu ilitolewa na watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufuga njiwa: kuku wote wachinjwe na kufukiwa kabla jua halijazama, kwa usalama wa mtaa, wa ng'ombe wa mtaa, ambao hatuna, na wa wanyama wa baharini, ambao Taarifa alisisitiza wasisahauliwe. Mimi siwezi kusema nilikuwa na msimamo. Nilikuwa nawaza ukuta wangu na banda lile vimepakana kwa tofali moja.

Mjomba Trei aliinuka kwenye ndoo yake, akavuka njia, akasimama mbali kiasi kama tulivyomwekea.

"Jamani, nimewalea tangu wakiwa vifaranga," alisema. "Usiku wa baridi nililala nao mle ndani na taa. Sina kingine. Mkiwachinja, mimi kesho naamka kwa ajili gani?"

Nilimwonea huruma. Ndipo nikasema tumngoje mtu wa mifugo, nina namba yake, nilimtengenezea baiskeli. Walikubali kwa shingo upande, kwa masharti: Mjomba asiguse kikombe, asikalie benchi, asipeane mkono na mtu, na banda lilindwe na Bastola. Bastola akachukua kiti chake akakiweka mlangoni mwa banda, kikombe cha chai mkononi, akawa anawakoholea kuku kupitia wavu.

Daktari wa mifugo alikuwa na safari za mbali, alichelewa kuja. Katika kumngoja, tukaugua.

Alianza Taarifa. Alikuja asubuhi macho mekundu, pua inavuja, mifupa yote inamuuma, akaketi bila kutangaza chochote. Kisha Denge, halafu mimi. Nilikuwa nashika spana mkono unakosa nguvu. Bastola yeye alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, ila sasa aliacha kusingizia vumbi. Tulikaa kwenye benchi tumebanana, tumejifunika makoti juani, tukipokezana kile kikombe cha chai ya moto kwa kuwa koo zilikuwa zinawasha. Upande wa pili, juu ya ndoo yake, Mjomba Trei alikuwa mzima kabisa, anatutazama kwa wasiwasi.

"Ametuambukiza, na yeye kirusi kikampita," Taarifa akasema. "Ndivyo daraja lilivyo. Watu wanapita juu, lenyewe halitembei."

Zikaanza kutajwa dalili. Denge alisema leo ameamka alfajiri kabla ya saa yake kulia, jambo ambalo tangu azaliwe halijamtokea, na alipoamka alihisi hamu ya kuwaamsha majirani. Bastola alikiri kwamba akiwa kwenye lindo alijikuta anaparua mchanga kwa kiatu, kwanza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, halafu anainama kutazama kama kuna kitu. Mwishowe Taarifa akasema jana mkewe alimwaga mahindi uani ayaanike, na yeye aliyatazama yale mahindi kwa namna ambayo mwanaume wa umri wake hapaswi kuyatazama.

"Uliyala?" nikamuuliza.

"Nilizuiwa."

Denge akaanza kugawa urithi. Mashine ya kunyolea alimpa mdogo wake, kioo kikubwa alimpa shemeji yake, na deni la kumalizia kile kichwa cha mteja wa siku ile alinipa mimi, akisema fundi ni fundi. Bastola aliomba azikwe na kifaa chake. Mimi nikajichunguza kimoyomoyo kama nina hamu ya kupanda juu ya fito. Sikuwa nayo, lakini tayari nilikuwa sijiamini.

Walipochoka kujililia, hasira ikarudi kwa kuku. Taarifa alisema hakuna tena cha kungoja, na kwamba akifa hatakubali kufa kabla ya aliyemuua. Denge akaingia saluni akatoka na wembe. Walikuwa wameshainuka, wanaburuta makoti, na Mjomba Trei alikuwa amesimama mlangoni mwa banda amenyoosha mikono yake miwili myembamba, pale daktari alipofika.

Alikuwa dada wa makamo, buti za mpira, koti jeupe, sanduku mkononi. Aliuliza nini kinaendelea, tukamwambia wote kwa pamoja, na alituacha mpaka pumzi zikatuishia. Akaomba wembe. Denge akampa. Akauweka kwenye sanduku lake akalifunga.

"Mmejuaje wana homa?" akauliza.

Bastola alitoa kifaa kiunoni akamwonyesha, akamsomea namba alizozikariri, kuku kwa kuku, arobaini na moja, arobaini na moja na nusu. Alisoma kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, taratibu, kwamba joto la kuku mzima ndilo hilo. Kuku aliyeamka vizuri, akala akashiba, akataga, ana arobaini na moja. Ukimkuta ana thelathini na saba kama mtu, huyo ndiye wa kumlilia.

Tukatazamana. Bastola alikigeuza kifaa chake akakitazama kwa chini, kana kwamba kilikuwa na jambo la kumweleza faragha.

Daktari aliingia bandani peke yake, mavazi mengine, glavu nyingine. Tulimwona kupitia wavu akiwashika kuku mmoja mmoja, anawatazama macho, anawapitisha kijiti chenye pamba kooni, anatia kwenye kipimo chake. Wanakula. Wanataga. Alipotoka alisema kuku hawa hawana mafua ya ndege, na kwa usafi aliouona mle, angependa baadhi ya nyumba alizowahi kualikwa ziwe hivyo. Mjomba Trei alikaa chini hapo hapo mchangani akafuta macho kwa sweta.

"Basi sisi tunaumwa nini?" Taarifa akauliza. Nilisikia katika sauti yake kwamba alikuwa amevunjika moyo.

Daktari alimwomba Bastola kifaa akamlenga nacho mwenye kifaa. Thelathini na tisa. Akamlenga Denge, akamlenga Taarifa, akanilenga mimi. Wote kioo chekundu. Akatazama benchi, tulivyobanana. Akatazama kikombe kilivyotoka kwa Bastola kikaja kwa Denge, kikaja kwangu, wakati yeye anaongea. Alisema yeye ni wa wanyama na zahanati ndiyo itakayosema, lakini kwa macho yake haya ni mafua ya watu, yametoka kwa mtu, yamepita humo kwenye chai. Akauliza kwa nini Mjomba hayumo.

"Tulimkataza kikombe," nikasema.

"Mlimwokoa," akasema daktari, na akaandika kitu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini akamgeukia Bastola akamuuliza kama alikohoa akiwa ndani ya banda. Bastola alisema kidogo. Mjomba Trei, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akamkatiza mtu mzima mwenzake: alikohoa katikati ya kila kuku na kuku, halafu akawalinda kwa kukohoa. Uso wa daktari ukabadilika. Akaniita.

"Fundi, ukiletewa baiskeli mbili kwa pamoja, ukazifungua zote sakafuni, unaweza kuunga ya tatu?"

Nikamwambia ndiyo kazi yangu kila siku.

"Wenye zile mbili wataitambua?"

"Hawaitambui. Wanaweza hata kuinunua."

"Sasa mwili wa mnyama ukiingiwa na mafua ya watu na mafua ya ndege kwa wakati mmoja, unakuwa karakana yako. Vile virusi vinafunguana mle ndani, vinabadilishana spea. Kinachotoka kina magurudumu ya huyu na breki za yule, na hakuna mwili wa mtu uliowahi kukiona. Ndivyo vinavyozaliwa vipya. Si lazima itokee, na kwa kuku kushika mafua ya watu ni nadra. Lakini hatuipi nafasi. Mwenye mafua haingii bandani."

Bastola aliinamisha kichwa. Ilimpata pabaya: mgeni aliyebadilisha sare alikuwa yeye.

Daktari akafungua sanduku akatoa utepe wa njano. Tulidhani atazungushia banda. Alizungushia benchi. Sisi tukiwa tumelikalia. Alifunga fundo kwenye nguzo ya saluni, akapita nyuma ya benchi, akarudi akafungia kwenye baiskeli ya mteja. Akasema tutoke hapo twende zahanati, kisha kila mtu nyumbani kwake na kikombe chake, na tusisogelee kuku hawa mpaka tupone kabisa. Kuku wenyewe watachunguzwa kila asubuhi, kwa sababu wamekaa karibu na watu.

Watu walikuwa wamejaa njiani kutazama. Yule mteja wa Denge naye alikuwepo, na upande wake mmoja wa kichwa. Denge akaanza kulalamika kwamba haiwezekani, mtu mzima atengwe kwa ajili ya kuku, na daktari akamjibu kwamba kuku wamepimwa, yeye bado.

Mjomba Trei alikuwa ameshainuka. Alipangusa mchanga magotini, akaja hadi kwenye utepe, akasimama mbali kiasi kama daktari alivyomwekea. Alitutazama mmoja mmoja, macho yetu mekundu, pua zetu, makoti yetu. Ana roho nzuri, Mjomba, sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Akamgeukia daktari akamuuliza kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye uchungu wa kweli, kama itabidi tuchinjwe.

Daktari alifikiri kidogo, akasema kwa sasa tusubiri majibu.